Gumzo la Majirani: Futari ya Barazani

[19:48] Mama Rayyan: Assalaam alaykum majirani. Kesho Ijumaa tunatandika mkeka barazani kwa Babu Haji kama kawaida. Semeni nani anapika nini.

[19:49] Mama Rayyan: Mimi uji wa pilipili manga, sufuria nzima. Bado muhogo wa nazi, magimbi, tambi, kaimati. Ami Nassor katuma pesa ya samaki kutoka Muscat.

[20:37] Mama Rayyan: Mmesoma watu 19, kimya.

[20:40] Hafidh: Mimi tende na maji.

[20:41] Mama Rayyan: Hafidh, kila mwaka tende!

[20:42] Kassim: Bila tende zake hatufungui 😂

[20:55] Da Zuhura: Kaimati mimi. Lakini sinia langu la mwaka juzi sijaliona. Na kawa lake.

[20:56] Mama Rayyan: Da Zuhura, lile tulishalizungumza.

[20:56] Da Zuhura: Tulizungumza, halikurudi.

[20:58] Kassim: Limehamia Pemba 😂😂

[20:59] Mama Rayyan: Jamani muhogo! Nazi sita ziko kwangu, nataka wa kukuna tu.

[21:15] Ukhti Salma: Wale vijana wa ujenzi wengine hawafungi. Nao tuwaite?

[21:20] Mama Rayyan: Tutaona. Tupige na picha, Ami Nassor aone pesa yake.

[21:22] Ukhti Salma: Picha tena? Yule mzee aliyejifunika uso na kofia, njia hii hajapita tangu siku ile.

[22:10] Babu Haji: Wanangu. Mkeka tunautandika nje ili aliyekutwa na adhana njiani apate pa kuketi. Haulizwi kwao, haulizwi kama kafunga. Someni Suratul Insan, aya ya 8 na ya 9. Wanalishwa maskini, yatima na mfungwa, na wenye kulisha wanasema hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Simu zikae ndani.

[22:14] Mama Rayyan: Nimesikia Babu. Hakuna picha.

[22:15] Ukhti Salma: Sawa Babu.

[22:31] Ami Nassor: Sikuomba picha mimi. Inshallah mwakani nitakaa hapo mkekani mwenyewe.

[22:40] Da Zuhura: Na sinia?

[23:02] Mama Rayyan: Uji, tende, kaimati vishapata watu. Muhogo, magimbi, tambi bado. Samaki pesa ipo, wa kwenda kununua hayupo.

[05:21] Kassim: Naenda mimi. Soko la Malindi au la Darajani?

[11:47] Mama Fat-hiya: Samahani, simu alikuwa nayo mtoto. Muhogo bado? Nazi zimeshakunwa?