Draivu ya DVD ya nje kwa laptopu ndogo: ipi inafaa kuhamisha DVD za harusi na kwaya?

Mwana_Isevya (Tabora)

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijalipa. Laptopu ni ya inchi 11.6, prosesa Celeron, RAM GB 4, hifadhi ya ndani GB 64, Windows 11. Haina sehemu ya kuwekea CD. Ina matundu mawili ya USB ya kawaida, moja lina ulimi wa buluu, la pili ni jeusi. USB-C haina, inachajiwa kwa pini ya duara.

Kazi yenyewe: DVD kama 60 za harusi, ubatizo na matamasha ya kwaya, VCD 15 hivi, na CD chache za nyimbo tupu. Nataka vyote vihamie kwenye diski ngumu ya nje kabla havijaharibika. Baadaye nitachoma DVD mojamoja kwa wazee ambao bado wanatumia deki.

Dukani kuna draivu nyembamba isiyo na jina, imeandikwa USB 3.0. Kuna nyingine ya LG, imeandikwa USB 2.0, na bei yake iko juu. Je, hiyo 3.0 si ndiyo bora? Na diski ngumu ninunue ya ukubwa gani?

Fundi_Mwanga (Kigoma)

Mkuu, kwa laptopu ndogo tazama umeme kwanza. Kasi inakuja nyuma sana.

Piga hesabu. DVD kwa kasi ya 1x inatoa MB 1.385 kwa sekunde. Draivu hizi nyembamba nyingi zinaishia 8x kwa DVD, yaani MB 11 kwa sekunde, na 24x kwa CD, yaani MB 3.6. USB 2.0 kwa matumizi ya kweli inapitisha MB 30 hivi. Kwa hiyo njia ni pana karibu mara tatu ya kinachopita. Maandishi ya 3.0 kwenye boksi la draivu ya DVD hayakuongezei hata dakika moja.

Sasa umeme. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Draivu inapoanza kuzungusha diski, au leza inapochoma, inaweza kudai ampea 1 au zaidi kwa muda mfupi. Igeuze usome lebo ya chini, pale penye 5V, kuna tarakimu ya ampea. Ikikosa umeme utaisikia: inazunguka, inalia "tik, tik", taa inazimika, Windows inatoa ile sauti ya kifaa kilichochomolewa, halafu inaanza upya. Wengi hapo husema draivu ni mbovu na kuirudisha dukani, kumbe ni njaa. Mbaya zaidi ni ile inayosoma vizuri halafu inakatika katikati ya kuchoma, maana DVD-R ikikatikia njiani imekwisha, haichomwi tena.

Kwa hiyo chomeka draivu kwenye tundu la buluu, ndilo la USB 3.0, hata kama draivu yenyewe ni USB 2.0. Tumia waya mfupi uliokuja nayo, usiongeze waya wa kurefusha, kwa sababu volti zinapungua njiani. Ukipata draivu yenye waya wa vichwa viwili, au yenye kitundu cha pembeni cha 5V, ni nzuri zaidi kwa mashine kama yako.

Tatizo lako la pili ni matundu. Ukishachomeka draivu, limebaki moja, na diski ngumu ya inchi 2.5 nayo inakula umeme inapoanza kuzunguka. Nunua habu ya USB yenye chaja yake, 5V na ampea 2 au 3, uiweke kwenye tundu jeusi, diski ngumu ikae hapo. Habu isiyo na chaja haisaidii kitu: inagawa zile miliampea 500 zilezile kwa vifaa vingi.

Kati ya hizo mbili chukua LG. Zile zisizo na jina mara nyingi ndani zina draivu iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani na kuvalishwa kasha jipya. Kujua ni rahisi: ichomeke, fungua Device Manager, angalia chini ya DVD/CD-ROM drives. Jina la kilichomo ndani hutokea pale, si jina la kwenye boksi. ASUS nao wana nyembamba nzuri.

Kumbukumbu_Kanyenye (Tabora)

Naongezea upande wa kuhamisha, maana draivu nzuri peke yake haitaokoa hizo harusi.

DVD ya safu moja inabeba GB 4.7, ya safu mbili GB 8.5. Zako 60 zikiwa zote za safu moja na zimejaa, ni GB 282. VCD 15 hazifiki GB 15. Diski ya GB 500 inatosha, ya TB 1 inakupa nafasi ya kupumua. Kabla ya yote hakikisha imepangwa (format) kwa mfumo wa mafaili wa exFAT au NTFS. Ikiwa FAT32 itakataa faili lolote lenye GB 4 na kuendelea, itakwambia faili ni kubwa mno huku nafasi ipo tele. Na usipitishe kazi kwenye ile hifadhi ya GB 64, Windows imeshakula sehemu kubwa. Elekeza moja kwa moja kwenye diski ya nje.

Angalia pia kama Windows yako iko kwenye S mode: Settings, System, Activation. Laptopu ndogo nyingi huja hivyo, na ikiwa hivyo programu za nje ya duka la Microsoft hazikubali kuingia. Kuitoa ni bure, ila ukishatoa hairudi.

Aina zako tatu za diski kila moja ina njia yake, na hapa ndipo watu hupoteza vitu.

DVD za video: tumia programu ya ImgBurn, chagua kutengeneza faili la "image" kutoka kwenye diski, utapata ISO moja, yaani nakala nzima ya diski ndani ya faili moja. Kichezeo cha VLC kinaifungua hivyo hivyo, menyu na yote. Ukikokota tu folda ya VIDEO_TS utapata vipande vya VOB vya GB 1 kimoja kimoja, ukisahau kimoja harusi inakatikia kanisani. DVD iliyojaa na safi huchukua kama dakika 12 hadi 15. Baadhi ya draivu hujipunguza kasi zikigundua ni diski ya video ili zisipige kelele, hapo hesabu nusu saa. Kwa diski 60 ni saa 12 hadi 30 za kazi, kwa hiyo panga siku kadhaa. Usianze kubana video kwa programu ya HandBrake kwenye Celeron, filamu moja inaweza kula saa nyingi. Hifadhi ISO kwanza.

VCD: hizi ISO haiziwezi. Kipande cha data cha kawaida kina baiti 2048, lakini video ya VCD hutumia baiti 2324 kwa kuacha sehemu ya marekebisho ya makosa. ImgBurn ikiiona itatoa yenyewe BIN na CUE, iache ifanye hivyo. Au ingia folda ya MPEGAV, nakili mafaili ya .DAT, VLC itayacheza. Kwa kuwa marekebisho ni hafifu, mkwaruzo ambao DVD ingeuvumilia, kwenye VCD unaonekana kama miraba. Anza na VCD, ndizo dhaifu.

CD za nyimbo: usinakili kabisa yale mafaili ya .cda. Ni anwani tu, kila moja ni baiti 44. Muziki haumo. Tumia programu ya Exact Audio Copy uzitoe kama FLAC au WAV, ambazo hazipunguzi ubora wa sauti. WAV ni karibu MB 10 kwa dakika. Nyimbo za kwaya zilizorekodiwa mara moja tu hazistahili kubanwa kuwa MP3 kisha ile CD ikatupwa.

Mwana_Isevya

Asanteni sana wakuu. S mode ipo kweli, nimeikuta. Swali jingine: kuna laptopu kubwa ya zamani hapa, kioo kimekufa lakini draivu yake ya DVD inafunguka. Naweza kuitoa na kuinunulia kasha la USB?

Fundi_Mwanga

Unaweza. Kwa kawaida inashikiliwa na skrubu moja chini ya laptopu, ukishaitoa unaivuta kwa pembeni. Kabla ya kununua kasha pima mambo mawili.

Unene: kuna za milimita 12.7 na za 9.5. Ya 12.7 haiingii kabisa kwenye kasha la 9.5. Ya 9.5 ikiwa ndani ya kasha la 12.7 inacheza, na trei inakwaruza.

Kichwa cha nyuma: kiunganishi cha SATA cha draivu nyembamba kina sehemu mbili bapa, moja ya pini 7 na nyingine ya pini 6. Si sawa na SATA ya diski ngumu, ambayo upande wa umeme una pini 15. Kama ni mashine ya zamani zaidi yenye kichwa kimoja kipana cha pini 50, hiyo ni IDE, aina ya zamani ya kiunganishi, makasha ya siku hizi hayaipokei.

Usisahau kuhamisha kile kibati kidogo cha nyuma na uso wa mbele. Umeme ni uleule, kwa hiyo yote niliyosema juu yanabaki. Ila pima kwanza kama inasoma DVD, maana kufunguka kwa trei si ushahidi wa chochote.

Ujiji_Mac

Tahadhari moja fupi. Mkiuziwa ile SuperDrive ya Apple, nyembamba ya kuingiza diski kwa mwanya, msinunue kwa laptopu ya Windows. Imetengenezwa kwa Mac, kwenye mashine nyingine huwa inakaa kimya. Na yoyote ya mwanya haipokei zile diski ndogo za sentimita 8.

Kumbukumbu_Kanyenye

Jambo la diski zilizokwaruzika, kwa sababu kati ya 75 hazitakosa.

Kwa vumbi letu la kiangazi hapa Tabora, safisha kila diski kabla ya kuiingiza, la sivyo vumbi linahamia kwenye lenzi. Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, maji safi kidogo yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe, mkwaruzo unaofuata njia ya data unameza eneo refu mfululizo na draivu inashindwa kulijaza. Dawa ya meno muiache. Kwenye CD na VCD data iko chini kidogo tu ya upande wa maandishi, kwa hiyo kalamu ya wino ya ncha ngumu upande ule inaua kuliko mkwaruzo wa chini. DVD data yake iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, ndiyo maana inavumilia zaidi.

Diski ya data au DVD ikigoma kwenye ImgBurn, washa Linux kwa flashi na utumie ddrescue, programu ya kuokoa data, kwa awamu mbili (/dev/sr0 ndiyo draivu ya DVD):

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

ddrescue -d -r1 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Ya kwanza inachukua vizima haraka, ya pili inarudi kwenye mabaki. Lile faili la .map linakumbuka kilichokosekana, kwa hiyo unaweza kuhamishia diski ileile kwenye draivu nyingine na kuendelea na amri ya pili. Draivu mbili tofauti mara nyingi hukosa sehemu tofauti. Hapo ndipo draivu ya ile laptopu iliyokufa kioo itakusaidia kweli, kama draivu ya pili.

Mwana_Isevya

Nimeelewa. Nachukua LG, habu yenye chaja, diski ya TB 1, na kasha baada ya kupima unene. Dukani nijaribu nini kabla sijalipa?

Fundi_Mwanga

Nenda na laptopu yako, si ya muuzaji, na uichomoe kwenye chaja ili uone draivu ikifanya kazi kwa betri. Beba diski tatu: CD ya nyimbo, DVD ya video iliyojaa hadi ukingoni, na DVD-R tupu.

CD na DVD zinasomwa kwa leza mbili tofauti, ya nanomita 780 na ya 650, kwa hiyo draivu inaweza kusoma CD vizuri kabisa huku ya DVD imekufa. Kwenye DVD ya video ruka hadi dakika za mwisho, maana data huanzia katikati na kuishia ukingoni, na draivu iliyochoka huangukia huko. Kisha choma ile tupu kwa 4x, na weka alama ya Verify kwenye ImgBurn. Ikimaliza kuhakiki bila kosa, lipa.