Tupeane uzoefu: mtangazaji alipoapa "wiki ijayo hii ni namba moja", na isiwe

Mwenye Daftari, Majengo

Ndugu zangu wa Mombasa, na nyote mliokulia na redio sikioni, nina jambo limenikaa moyoni tangu 1997. Leo naliweka hapa, na kila mwenye lake alilete.

Nilikuwa darasa la saba. Kila Jumamosi jioni nilikaa barazani kwetu na redio ya marehemu baba, daftari la kurasa 96 mapajani, nikiandika orodha ya nyimbo bora za Marekani kama mtangazaji alivyoisoma, kuanzia 40 kushuka hadi 1. Msimu ule bendi ya No Doubt na wimbo wao "Don't Speak" walikuwa kila mahali: kwenye matatu, saluni, duka la kanda pale Mwembe Tayari. Mtangazaji aliupiga kabla ya kuanza kuhesabu, akasema bila kusita kwamba wiki ijayo wimbo huu utaingia kwenye orodha na hautasimama mpaka kileleni. Nikawekeana dau la mishkaki na binamu yangu. Wiki ikaja, haumo. Ya pili, haumo. Si kwamba uliishia namba 5 au namba 30; haukuingia kabisa! Mishkaki nikanunua, na mtangazaji yule nikamtia kwenye hesabu ya waongo.

Ukweli nimeujua nikiwa mtu mzima. Zama zile Billboard, jarida la Marekani linalopanga orodha hizi, hawakuuhesabu wimbo kwenye Hot 100, orodha yao kuu, mpaka uwe umeuzwa madukani peke yake kama singo. "Don't Speak" haukutolewa hivyo Marekani. Aliyeutaka ilimbidi anunue albamu nzima. Ndiyo maana ulikaa wiki 16 namba 1 kwenye orodha ya nyimbo zinazopigwa redioni, na kwenye orodha kuu haukuwa na hata mstari. Uingereza, ulikouzwa kama singo, ulifika namba 1 Februari 1997. Sharti lile la Marekani liliondolewa Desemba 1998.

Kwa hiyo yule bwana sikio lake lilikuwa sawa. Alichokosa ni kujua kinachohesabiwa ni nini. Nimemdhania vibaya miaka mingi, na inaniuma.

Haya, leteni yenu. Alisema nini, nawe ulikuwa wapi? Majina ya watangazaji na stesheni tuyaache, hatukuja kumvunjia mtu heshima.

Wa Tudor

Umenifumbua macho. Mie yangu ni "Torn" ya Natalie Imbruglia, 1998. Mtangazaji alitwambia kila wiki tusubiri, tusubiri. Wimbo uliongoza redioni kule Marekani wiki 11, na sharti lilipoondolewa ndipo ukaingia Hot 100, umeshaanza kupoa, ukaishia namba 42. Dada yangu alikuwa ameuandika mashairi yote ukutani kwa chaki. Nikimwonyesha haya leo atafurahi.

Mpanda Feri, Likoni

Yangu ni ya Oktoba 2012. Nilikuwa nafanya kazi kisiwani na narudi Likoni kila jioni. Mlikuwapo, mwajua: "Gangnam Style" ya Psy ilikuwa imetuvamia. Watoto waliicheza kwenye feri, katikati ya mikokoteni na magunia ya mkaa. Makanga wa matatu za Ukunda walikuwa na staili yao ya kuitia abiria kwa miondoko ile ya farasi. Mtangazaji wa Jumapili akasema, "Nawapa neno langu, wiki ijayo namba moja Marekani." Wakati huo ilikuwa namba 2.

Ikakaa namba 2 wiki saba! Juu yake walikuwa Maroon 5 na "One More Night". Kila Jumapili mtangazaji alirudia neno lake, na kila Jumapili sauti yake ilishuka kidogo. Mie nilimhurumia kweli, maana na mie nilikuwa nimeamini. Ikafika Desemba, video ikatazamwa mara bilioni moja YouTube, ya kwanza duniani kufika hapo, na bado Psy namba 1 hakuipata.

Hapa naungana na Mwenye Daftari kuhusu kinachohesabiwa. Wakati ule waliotazama YouTube hawakuingia kwenye hesabu ya Hot 100, na redio za Marekani zilimpiga Maroon 5 zaidi. YouTube ilianza kuhesabiwa Februari 2013, na wiki hiyo hiyo "Harlem Shake" ikaanzia moja kwa moja namba 1. Miezi minne tu! Psy angesubiri miezi minne.

Mtoto wa Kilindini

Nasimulia ya baba yangu mdogo, aliyekuwa mfanyakazi wa bandari. Miaka ya themanini mwanzoni manowari za Kimarekani zilikuwa zikitia nanga hapa mara kwa mara, na baharia mmoja alikuwa akimpa kaseti alizorekodiwa na nduguze kutoka redio ya kwao. Kaseti zilifika zimechelewa, na hazikufuatana. Unaweza kuupata mwezi wa Januari kabla ya Disemba.

Katika mojawapo, mtangazaji wa kule anasema bendi ya Foreigner na wimbo wao "Waiting for a Girl Like You" wako ukingoni, namba 1 ni yao wiki ijayo. Baba mdogo aliupenda wimbo ule kupita kiasi, ndio aliokuwa akiupiga alipokuwa akimposa mama mdogo. Alikaa miezi akiisubiri kaseti ya "wiki ijayo". Haikuja. Alichopata ni kaseti nyingine, na nyingine, na kila moja wimbo uko palepale.

Ulikaa namba 2 wiki kumi, kuanzia Novemba 1981. Wiki tisa ulizuiwa na Olivia Newton-John na "Physical". Hatimaye "Physical" ikaondoka kileleni, na waliopanda ni Hall & Oates, si Foreigner. Baba mdogo aliposikia hivyo aliizima redio-kaseti akaenda zake msikitini, sala ilikuwa imeingia. Foreigner walipata namba 1 yao Februari 1985 kwa wimbo mwingine. Yeye aliendelea kuupenda ule wa namba 2 mpaka siku aliyotutoka.

Binti wa Bamburi

Fupi tu. Mama yangu alikuwa mpishi katika hoteli ya ufukweni, na kila Disemba alirudi nyumbani akiimba "All I Want for Christmas Is You" ya Mariah Carey kwa vile ilipigwa kutwa. Mwaka mmoja tukasikiliza kipindi pamoja, mtangazaji akasema wimbo mkuukuu kama huu hauna tena njia ya kufika kileleni. Ulitoka 1994. Ulifika namba 1 Hot 100 Disemba 2019, miaka 25 baadaye, kwa kuwa kufikia hapo waliousikiliza mtandaoni nao walikuwa wakihesabiwa. Nilimpigia simu mama. Alinyamaza, kisha akauimba wote.

Niliyekuwa Kwenye Maiki

Nimesoma yote. Nami nilikuwa mtangazaji wa kumi bora katika stesheni moja ya hapa mjini, miaka ya meseji. Naomba niseme kosa langu mwenyewe.

Orodha yetu tuliipanga kwa meseji na simu za wasikilizaji, pamoja na maoni ya madijei wachache. Kijana mmoja wa Kisauni akaleta wimbo wake wa mapigo ya chakacha, ameurekodi kwa pesa za kuazima. Niliupiga mara mbili. Meseji zilizokuja hazikufika tano. Siku ya Ijumaa nikasema hewani, "Huu haumalizi mwezi." Kijana alikuwa anasikiliza, na mamake pia.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Mtwapa, harusi ya mpwa wangu. Nimekaa nje na wanaume. Kule ndani kwa kina mama ukapigwa wimbo ule. Nikasikia vifijo, kisha sauti za wanawake labda mia wakiuimba neno kwa neno, bila kukosea. Dijei akalazimishwa kuurudia mara nne. Nikamuuliza bi harusi baadaye wameujulia wapi, akanishangaa: "Mjomba, hakuna harusi siku hizi bila huu."

Nilikosea wapi? Nilikuwa nahesabu wenye kredo. Vijana wa mjini ndio waliotuma meseji, usiku, na walitaka ngoma za Nairobi, Dar na Marekani. Mama anayefunga leso kiunoni akakesha harusini hatumi meseji redioni. Anayo njia yake ya kupiga kura, na mie sikuwa na sikio huko. Tangu siku hiyo kabla ya kupanga orodha niliwapigia madijei wa harusi wawili na makanga wa Kongowea mmoja. Utabiri wangu haukuwa kamili, lakini ulinyooka.

Mwenye Daftari, Majengo

Shukran kwa kusema hili wazi. Ninalo swali moja. Ulirudi hewani ukalisahihisha? Maana mie ningekuwa yule mama, hilo ndilo ningelingoja.

Niliyekuwa Kwenye Maiki

Nilirudi. Kwanza nilikwenda kwao Kisauni Alhamisi, nikamkuta mama anakaanga viazi vya karai mlangoni. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema vile. Akanipa kiti, akanipa na viazi, asitaje kitu. Ijumaa nikaufungulia kipindi wimbo wa mwanawe, nikasema nilikosea na nilikosea vipi, na nikauacha uishe wote bila kuongea juu yake.

Jioni hiyo ilikuja meseji moja kutoka nambari nisiyoijua. Imeandikwa: "Tumesikia."