Wageni wanatapika na miwani ya VR, Kilwa Kisiwani. Nishaurini wakuu

Kiongozi_Masoko: Wakuu, salaam. Navusha wageni kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Nina miwani miwili ya VR (ukivaa unajiona umo ndani ya picha) aina ya Quest 2, yenye modeli ya Husuni Kubwa, lile kasri la kale, ikiwa nzima: ukumbi, ngazi za kushukia pwani, bwawa la pembe nane. Wageni wanapata kichefuchefu na picha inazunguka yenyewe. Ninunue Quest 3 au tatizo ni programu?

PembeNane: Anza na programu. Mgeni akisukuma kijiti akateleza mbele, macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halina habari nao, na tumbo ndilo linalolipa. Weka kuruka: anaelekeza mshale sakafuni, anaachia, yupo pale. Kugeuka kuwe kwa vipande vya nyuzi 30. Fremu, yaani picha zinazopita, zisishuke chini ya 72 kwa sekunde. Modeli ya skana ya leza isiyopunguzwa inaikaba Quest 2. Na lenzi zake zina nafasi tatu tu za kulingana na umbali kati ya macho, milimita 58, 63 na 68. Zivute kabla hajavaa.

BibiKorosho: Mie nauliza ruhusa. Magofu haya ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town waliyapima kwa leza. Modeli yako imetoka kwao au umeokota mtandaoni? Na dari umeipaka rangi gani, nani kakwambia?

Mavuji_2: Bibi, watu wanatapika huko, wewe na rangi ya dari 😂

PembeNane: Mkuu, wanavalia wapi hasa?

Kiongozi_Masoko: Wamekaa vizuri tu.

PembeNane: Wapi?

Kiongozi_Masoko: Kwenye boti, tukivuka. Msinirukie, ratiba ni fupi na muda ule unapotea bure.

Mavuji_2: Chai hii. Mpaka umfunge mikanda na programu ifunguke, boti ya injini imeshafika. Huyu anauza miwani.

Kiongozi_Masoko: Chai gani kaka? Mmoja una doa la njano kwenye picha, upande wa kulia, kama punje ya mchele. Nimefuta mpaka nimechoka.

PembeNane: Basi si chai. Hilo ni jua. Lenzi inakusanya mwanga. Ukiilaza benchini ikitazama juu, muda mfupi tu skrini ya nyuma imeungua. Halifutiki. Ikivuliwa, iingie begini. Na boti ikigeuka, vihisi vinadhani kichwa ndicho kimegeuka, huku kamera zinaona benchi limetulia. Ndiyo maana picha inazunguka. Ile hali ya safari (Travel Mode) ya miwani ilitengenezewa ndege, si mawimbi. Vukeni kwanza. Kivulini, kigoda kinachozunguka, dakika tano. Lenzi kitambaa kikavu tu, spiriti inaziharibu.

BibiKorosho: Pale bwawani penyewe tumia tableti: kamera inaonyesha bwawa, programu inalijaza maji ya bandia. Ila usitegemee GPS, inakosea mita kadhaa, maji yako ya bandia yatajaa ukutani. Chapa alama ya kusomwa na kamera kwenye kibao cha kushika. Usibandike kwenye magofu!

Kiongozi_Masoko: Nimeelewa. Lakini asubuhi, bahari shwari, mgeni akikaa katikati ya boti?

PembeNane: Hapana.

Kiongozi_Masoko: Shida ni kwamba minne mingine nimeshalipia. Inakuja na basi la Ijumaa.

Mavuji_2: Agizia na ndoo nne.