Naomba ushauri: kubadili majina ya picha nyingi kwa mpigo

Ndugu zangu, habari za kazi. Niko Mukono, Uganda, natunza picha za studio za harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho). Kamera ikifika IMG_9999 inaanza upya 0001, kwa hiyo folda za sherehe tofauti zina majina yaleyale, na nikiziunganisha picha moja inaweza kufuta nyingine. Hizi ni kumbukumbu za watu, zikipotea hazirudi.

Kwenye Windows nilijaribu `ren *.JPG Harusi_*.JPG`. Kumbe amri hiyo haiongezi neno mbele, inakalia herufi za mwanzo: IMG_0002.JPG inakuwa Harusi_2.JPG, halafu IMG_0012 inagoma kwa sababu jina limeshachukuliwa.

PowerShell (programu ya kuandikia amri kwenye Windows) ina amri ya Rename-Item, na ukiweka -WhatIf inaonyesha majina mapya bila kugusa faili. Hilo nimelipenda sana. Ila nataka jina lianze na tarehe picha ilipopigwa, mfano 2023-08-19_Harusi_0042, si tarehe ya kunakili. Je, PowerShell inaisoma kirahisi, au nitumie ExifTool (programu ya kusoma taarifa zilizomo ndani ya faili la picha)? Na umeme ukikatika katikati ya kazi, nitajuaje skripti iliishia wapi? Mwenye skripti fupi anisaidie, tafadhali.