Nilienda Kariakoo kununua saundi, nikapigwa saundi: boksi linasema wati 12,000, mgongoni wati 45

Wakuu habarini. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Na anayekuja kuniambia "mkuu punguza munkari" naye apite, maana munkari wenyewe ndio ulionikalisha hapa kuandika.

Nimepanga chumba na sebule Tabata. Sebule yenyewe ukishaweka kochi la watu watatu, meza na stendi ya TV, kinachobaki ni njia ya kupita. Redio yangu ya zamani ilishakufa, na mwanangu alikuwa anapata kipaimara mwisho wa mwezi. Nikataka mziki mdogo, usiozuia mlango kufunguka, lakini ukipiga ujulikane umepiga. Mimi ni mtu wa dansi. Gitaa la besi nisipolisikia likitembea, naona kama nimeibiwa nusu ya wimbo. Mama watoto akatoa sharti moja tu: yale maspika marefu kama makabati hayaingii humu ndani. Bajeti laki tatu.

Nikaenda Kariakoo. Hata Mtaa wa Msimbazi sijamaliza kuvuka, winga, yaani dalali wa barabarani, ameshanishika mkono. "Baba, unatafuta nini? Njoo nikupeleke kwa bei ya jumla." Najua mnachotaka kusema. Nami huwa nawasema hivyohivyo wengine. Nikamfuata.

Dukani nikaonyeshwa sabufa moja na vispika vyake viwili vya pembeni, vyembamba, kila kimoja kina matundu matatu ya spika, taa za rangi zinakimbiakimbia. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kama bango la mkutano wa siasa: 12,000W PMPO. Muuzaji akachomeka flashi yake, akaweka singeli, akafungulia. Wakuu, shati lilicheza kifuani. Akaniambia, "Mzee, hapa ni robo tu. Ukifika nusu, jirani anahama." Laki mbili na themanini na tano. Nikalipa, nikapewa risiti ya kuandika kwa mkono, nikapanda bajaji nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

Nyumbani sasa. Nikaweka wimbo wa dansi ninaoujua tangu nikiwa mdogo, ule ambao gitaa la besi linapanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi. Nilichosikia ni "dum, dum, dum." Noti moja. Besi ipande, dum. Besi ishuke, dum. Mwimbaji kama anaimbia ndani ya ndoo. Nikipunguza besi, inabaki sauti ya simu.

Nikajifariji kwamba spika bado mpya, zitalainika. Wiki ya kwanza nikagundua mengine. Ukikaa kimya unasikia mlio wa "mmmm" hata sauti ikiwa sifuri. Taa hazina swichi ya kuzima. Umeme ukikatika na kurudi, mashine inajiwasha yenyewe kwa sauti iliyowekwa kiwandani, kisha sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ndani inatangaza kwa Kiingereza, kwa kelele, kwamba bluetooth iko tayari. Saa kumi usiku. Mpangaji mwenzangu mpaka leo hanisalimii vizuri.

Siku ya kipaimara wageni wamekaa uani, pilau limeiva, nikafungulia nusu, ile nusu ya jirani kuhama. Sauti ikaanza kukwaruza. Nikaongeza kidogo ili waliokaa mbali wasikie. Dakika ishirini baadaye vispika vya pembeni vikanyamaza, sabufa ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, mziki ukaisha katikati ya keki. Shemeji yangu akaenda kuazima spika ya vijana wa kwaya. Mtu mzima mimi, mbele ya wakwe.

Jumatatu nikapeleka boksi la sabufa kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za redio za mkulima. Hakulifungua kwanza. Alilinyanyua, akalipima uzito mkononi, akacheka. Kisha akalipindua akanionyesha kibati kidogo nyuma: 230V, 50Hz, 45W. "Soma hapo mwanangu," akasema. "Hiki ndicho anachokula. Mtu anayekula kilo moja ya unga anaweza kutoa kilo mia mbili?"

Nikasimama pale kama nimepigwa na kitu kizito. Hesabu ni ya darasa la saba na sikuifanya. Wati ni volti mara ampea. Wati 12,000 kwa volti 230 ni ampea zaidi ya 52. Plagi zetu hizi za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13, mwisho wake ni kama wati 3,000. Pasi yangu ya wati 1,000 nikiichomeka LUKU inaanza kukimbia, je, kitu cha wati 12,000? Kingekula uniti 12 kwa saa moja. Kipaimara kimoja umeme wa mwezi umeisha. Na kwa bei niliyonunua, kila wati imenigharimu kama shilingi 24. Hata pipi huipati kwa hela hiyo. Nilipaswa kushtuka palepale.

Hiyo PMPO, kwa wasiojua kama nilivyokuwa mimi, si kipimo ambacho kuna mtu anakisimamia. Kila kiwanda kinapika namba yake: kilele cha sauti cha muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kijumlishe kwa kila spika, kizidishe tena kwa chochote kinachokufurahisha. Namba yenye maana ni RMS, nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kufa. Na hata RMS ina ujanja wake. Angalia imepimwa kwa spika ya omu ngapi (ukinzani wake kwa umeme), na uchafu wa sauti, yaani inavyopotoka, ni asilimia ngapi. Wati 30 kwenye uchafu wa asilimia 1 na wati 30 kwenye asilimia 10 si ndugu. Asilimia 10 ndipo mawimbi ya sauti yanapokatwa vichwa, ndiyo ile sauti ya kukwaruza niliyowapigia wageni wangu.

Marekani walichoshwa na uongo huu zamani. Tume yao ya biashara ilitunga kanuni ya wati za amplifaya mwaka 1974, na 2024 wakaikaza: ukitangaza wati, zipimwe kwa omu 8, kuanzia hezi 20 (besi ya chini kabisa) hadi 20,000 (sauti nyembamba kabisa), na uchafu usifike asilimia 1, ukipima vinginevyo, sema wazi. Sisi huku tumeachiwa winga ndiye apime kwa mdomo.

Turudi kwa fundi, maana hapo bado hajafungua. Alipofungua nilitamani asingefungua. Transfoma ni ngumi ya mtoto. Aisii (chipu) za amplifaya ni TDA2030 tatu. Kila moja, ikilishwa umeme wa kutosha, inatoa kama wati 14 safi kwenye spika ya omu 4. Kwa transfoma ile hazilishwi kutosha. Fundi anasema zote tatu zikijitahidi ni wati 25 hadi 30. Boksi la sabufa ni mbao nyembamba, ukiligonga linaita kama debe; ndani hakuna hata kipande cha sufi. Ile "dum" yangu ilikuwa boksi lenyewe na lile tundu lake la hewa vinavuma kwenye noti moja, chochote utakachopiga.

Sasa vile vispika vya pembeni. Matundu matatu kila kimoja, si ndiyo? Akang'oa wavu wa mbele. Linalofanya kazi ni moja. Mengine mawili ni vifuniko vya plastiki vilivyopakwa rangi ya fedha. Nyuma yake hakuna kitu. Si waya, si sumaku. Hewa. Mtu mzima ameamka asubuhi kiwandani, akachora spika ya uongo, na mwingine kaigundisha kwa gundi, ili mimi wa Tabata nihesabu sita badala ya mbili.

Nikamuuliza fundi, mbona dukani ilipiga shati likacheza? Akaniuliza liliwekwa wapi. Kwenye kona, chini ya meza. Akacheka tena. Kona inabeba besi bure: sauti inagonga kuta mbili na sakafu, inarudi imevimba. Na flashi ya dukani nyimbo zake zimeongezwa besi tayari. Na singeli haikuambii lolote kuhusu spika, inakimbia mno. Angeweka rhumba au taarabu taratibu ningegundua kabla ya kutoa hela.

Kingine kilichoniuma, na hiki wengi hawakijui: vispika vyangu havikuungua kwa sababu mashine ina nguvu nyingi. Viliungua kwa sababu haina. Amplifaya dhaifu ukiisukuma hadi mwisho inatoa yale mawimbi yaliyokatwa vichwa, na hayo ndiyo yanayochoma spika ndogo. Yenye nguvu ya kweli ingepiga kwa raha sauti ileile.

Nikarudi Kariakoo. Winga hayupo, simu haipatikani. Muuzaji, yuleyule aliyeniita baba, sasa ananiita "bosi" bila kunitazama. "Bosi, hii umeunguza kwa umeme wa kwenu." Nikamwonyesha boksi limeandikwa gerentii mwaka mmoja. "Hiyo ya kiwandani, bosi." Kiwanda kiko wapi? "China." Kisha akanionyesha kidole ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamuuliza wati 12,000 ziko wapi. Akaniambia neno ambalo silisahau: "Bosi, wati ni za kwenye boksi, kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Kumbe ni mimi peke yangu nchi nzima.

Duka silitaji, mods wasije wakafuta uzi. Ila nimejifunza sheria ya ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na boksi ninalo, na picha za yale matundu ya plastiki ninazo. Ubaya ni risiti. Sikudai ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mwenye uzoefu wa kupeleka lalamiko FCC (Tume ya Ushindani) kwa risiti ya mkono anipe mwongozo, kama kuna njia.

Na kwa kuwa najua mtaniuliza "sasa mkuu tununue nini", nitawaambia ninachofanya safari hii, msinichukulie kama mtaalamu. Boksi silisomi kabisa. Napindua mashine nasoma kibati cha nyuma. Kama inakula wati 60 na mtu ananiambia inatoa 500, namuaga kwa heshima. Naenda na flashi yangu yenye nyimbo mbili: dansi moja nisikie besi ikibadilisha noti, na taarabu moja nisikie sauti ya mtu na ganuni bila kuchanganyika. Naomba spika itolewe kwenye kona, vitufe vya kuongeza besi vizimwe. Nagonga boksi kwa vifundo vya vidole. Naomba wavu utolewe, na nachungulia kama kuna spika kweli. Uzito nao unasema, ingawa mashine za kisasa zinatumia pawa saplai nyepesi na ni nzuri tu, kwa hiyo wepesi peke yake si kosa.

Na wati zisiwatishe. Wati zikiongezeka mara mbili mnapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, unazisikia kwa kutega sikio. Ili sikio lako liseme "hii ni mara mbili" unahitaji kama mara kumi. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja inaipita inayotoa 84 kama vile umeinunulia amplifaya kubwa mara nne. Kuna mzee hapa jirani ana kile kimziki kidogo cha Denon, D-M41, upana wa mashine bila spika sentimita 21, wati 30 kila upande tena kwenye uchafu wa asilimia 10, namba ambayo Kariakoo hakuna winga angeitaja bila aibu. Jumapili anapiga rhumba mlango wazi, na mimi nasimama uani kujifanya naanika nguo. Besi inapanda ngazi. Bei yake ni nyingine kabisa, sitawadanganya. Ila kadogo, besi ya chini kabisa, sauti kubwa na bei ya laki tatu, vyote vinne kwa pamoja, havipo. Kimojawapo lazima ukiache mlangoni.

NYONGEZA: Wanaoniambia "ungenunua used kutoka Dubai", nimewasikia, nami ndiko naelekea. Kuna mtu wa Ilala ana Aiwa ya miaka ya tisini, kaseti hazisomi lakini amplifaya na spika nimezipima kwa nyimbo zangu zilezile, kutoka kwenye simu kupitia waya wa AUX. Laki moja na nusu. Nimeinyanyua, nusura nidondoke nayo.

NYONGEZA 2: Aliyesema nimeyataka mwenyewe kwa kumfuata winga: ndiyo. Lakini winga hakuchora yale matundu ya plastiki.

NYONGEZA 3: Duka wamepiga simu leo mchana, sijui nani kawapa habari. Wanasema nilete mashine wabadilishe bodi kwa elfu arobaini "ya ufundi tu". Nimewauliza kama kwa hiyo arobaini wataniwekea na zile spika nne zilizokosekana. Wamekata simu.