Sr (strontiamu) iko juu lakini Nd (neodimiamu) ni ya manto, tabaka lililo chini ya ukoko: basalti ya bahari imeliwa na chumvi?

Miamba_Nakuru
Habari wakuu. Nina basalti iliyokokotwa kutoka sakafu ya Bahari ya Hindi, kwenye mgongo wa Carlsberg, safu ya milima ya chini ya bahari. Unga wa jiwe zima umetoa uwiano wa isotopu 87Sr/86Sr 0.7045, ambao uko juu, ilhali 143Nd/144Nd ni 0.51308, kama ya manto. Je, chanzo chake kilichanganyika na tope la bara, au ni bahari tu imeingia? Upande mmoja una ganda jeusi, butu.

Isotopu_Kisumu
Ni bahari, mkuu. Tope la bara lingekuwa kwenye chanzo, Nd ingeshuka huku Sr ikipanda. Maji ya bahari yana Sr ppm 8 hivi, yenye uwiano 0.7092, lakini Nd yake ni kidogo mno. Chukua 0.7027 kama basalti safi ya mgongo: (0.7045 − 0.7027) ÷ (0.7092 − 0.7027) = 0.28. Zaidi ya robo ya Sr uliyopima imetoka majini.

Achana na unga. Tafuta kioo, ule ukingo unaong'aa pale lava ilipogusana na maji baridi. Chini ya hadubini chagua vipande vya milimita 0.5 hadi 1, vyeusi tii. Chenye doa la rangi ya asali ni palagonaiti, yaani kioo kilichogeuzwa na maji, kitupe. Miligramu 200 zinatosha. Viloweke kwenye asidi ya hidrokloriki ya mola 6, nyuzi 100, kwa saa kadhaa. Mwaga, suuza kwa maji safi ya maabara, rudia mpaka asidi isitoke tena na umanjano. Ndipo uyeyushe kwa haidrofloriki na nitriki, ndani ya tefloni. Ukikausha na kuona unga mweupe usioyeyuka, hizo ni floridi: zikishika Sr, hesabu yote inaharibika. Ongeza nitriki, pasha, kausha tena. Na jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla hujafungua chupa ya haidrofloriki.

Mwishoni pima NBS 987, sampuli ya kiwango ya Sr ya kukagua mashine; isipokaribia 0.71025, usiamini sampuli za siku hiyo.

Mwamba_wa_Kakamega
Naongeza moja, maana hapa wengi huteleza. Hilo ganda butu ni manganizi na chuma, si kioo. Hukusanya Nd na risasi ya bahari kwa wingi, kwa hiyo punje chache tu zikibaki, hata Nd unayoitegemea inashuka. Likwangue kabla ya kupasua, na usitumie kinu cha chuma, hasa kama risasi bado hujapima. Agati ni salama.

Miamba_Nakuru
Asanteni sana. Trakaiti, mwamba mwingine wa volkano, ya Menengai nayo nifanye hivyo hivyo?

Isotopu_Kisumu
Kuosha, sawa, lakini usiisome hivyo hivyo. Trakaiti ina Sr kidogo na Rb (rubidi) nyingi. Ukoko wa bara ukiyeyukia humo kidogo tu, Sr inaruka na Nd inakaa palepale: sura ileile uliyoiona kwenye basalti yako, bila tone la maji ya bahari.