Naomba msaada kuhusu neno "ukaya"

Wakuu, salaam. Naandika hadithi ya Unguja kabla ya 1897, mwaka utumwa ulipofutwa kisheria, na nimekwama kwenye ukaya. Kamusi za zamani zinasema ni kitambaa chepesi kirefu cha kichwani, kinabana chini ya kidevu, ncha mbili zikining'inia karibu na ardhi. Bibi yangu anasema, "Si mtandio tu huo!" Sikubaliani naye, mtandio haubanwi kidevuni. Ila nasoma pia kwamba ukaya ulikuwa vazi la vijakazi, mabibi wa kiungwana wakijifunika shela na barakoa (kile kifuniko cha uso cha wanawake wa zamani). Je, nikimvika mwanamke huru ukaya, nitakuwa nimemshusha hadhi? Na wingi wake niandike "kaya"? Msomaji si atadhani nataja nyumba?